Vinundu Vyeupe kwenye Ngozi ya Korodani: Si Zinaa, Si Kansa, Sasa ni Nini?

Wauza maduka ya dawa wanalijua swali hili, maana huulizwa kwa sauti ya chini, mteja akisubiri wenzake waondoke kwanza: "Dokta, nina vipele vigumu vyeupe kwenye pumbu. Haviumi, haviwashi, na vina muda sasa. Kuna dawa?" Mara nyingi muulizaji haondoki mikono mitupu. Atapewa dozi ya antibayotiki kwa kudhaniwa kuwa ana ugonjwa wa zinaa, au tyubu ya fangasi, na wiki mbili baadaye vipele viko palepale, hakijapungua hata kimoja. Akijikaza kuwauliza wenzake kijiweni, anatoka na majibu manne: ni kaswende iliyolala mwilini, ni kansa inaanza, ni chumvi ya maji ya kisima, au kuna mtu amemchezea.

Kwa dalili kama hizo alizozieleza, uwezekano mkubwa ni kwamba wote wanne wamekosea. Kuna hali moja adimu inayoendana na maelezo yake: vinundu vya chokaa vinavyoota ndani ya ngozi ya mfuko wa korodani. Madaktari huiita kalsinosisi ya skrotumu. Haiui, haiambukizi, haigusi uzazi, na matibabu yake yanajulikana. Tabu iko kwenye njia ya kulifikia jina hilo, kwa sababu wagonjwa huona aibu kusema na hata wahudumu wa afya wengi hawajawahi kukutana nayo. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi, akimeza vidonge visivyo vyake, kabla hajaonwa na daktari anayeijua.

Kwa uvimbe wowote wa sehemu hii, kuna swali moja ninaloona linatangulia mengine yote, na ndilo ambalo wengi hawajiulizi. Wanauliza kama unauma, kama ni mweupe au mwekundu, kama ulianza baada ya kukutana na mwanamke fulani. Kumbe la kuanza nalo ni hili: uvimbe uko kwenye ngozi, au uko ndani ya mfuko?

Ngozi, mfuko na kilichomo

Neno korodani tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna korodani zenyewe, yaani tezi mbili zinazotengeneza mbegu za kiume na homoni, na kuna mfuko unaozibeba. Humu nitasema "mfuko" nikimaanisha ngozi ya nje, na "korodani" nikimaanisha zile tezi za ndani.

Ngozi ya mfuko ni nyembamba, ina mikunjo, vinyweleo, tezi za mafuta na tezi za jasho. Chini yake hakuna tabaka la mafuta kama la tumboni. Kuna msuli mwembamba uitwao datosi, ambao hukunja ngozi wakati wa baridi na kuilegeza wakati wa joto, ili korodani zikae kwenye ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Ndiyo maana mtu akijikagua asubuhi yenye baridi atahisi vinundu vimekusanyana na kuonekana vingi kuliko vilivyo, na baada ya kuoga maji ya moto ataviona vimetawanyika, hata kuvihesabu anaweza.

Sasa fikiria mfuko wa kanzu ulio na yai ndani yake, na kifungo kimeshonewa kwenye kitambaa cha mfuko huo. Ukikivuta kitambaa, kifungo kinakuja nacho, yai linabaki lilipo. Kinundu cha chokaa ni kile kifungo. Uvimbe wa korodani yenyewe uko kwenye yai. Mtu akiishika ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, akaivuta taratibu mbali na korodani, kinundu kilichomo kwenye ngozi kitafuata vidole, na korodani itabaki nyuma, laini pande zote. Lakini kama ngozi inakuja tupu na kile kigumu kimebaki kimeshikamana na korodani, hiyo ni habari nyingine kabisa, na haifai kusubiri. Nitairudia.

Vinavyoonekana na vinavyokua

Kinundu huanza kidogo, milimita moja au mbili, na hukua polepole kwa miaka. Vingi huishia chini ya sentimita moja, ingawa vipo vinavyofika sentimita 3. Mtu anaweza kuwa na kimoja tu, au na makumi yake vilivyojaa mbele na pembeni mwa mfuko. Ni vigumu kwa kugusa, na rangi yake ni nyeupe, njano iliyofifia, au ya ngozi yenyewe. Kwenye ngozi nyeusi weupe hujitokeza zaidi ngozi ikivutwa. Wengi huanza kuviona wakiwa na umri wa miaka 20 hadi 40, japo wapo wanaoanza wakiwa watoto na wengine uzeeni.

Kwa kawaida haviumi. Baadhi ya wagonjwa huwashwa, au huhisi uzito, au hukwaruzwa na chupi inapobana. Mara chache ngozi iliyo juu ya kinundu kikubwa hupasuka yenyewe na kutoa unga mweupe uliolowana, wa chaki. Hapo ndipo watu wengi hushtuka na kukimbilia hospitali, wakidhani ni usaha. Usaha una harufu, una joto, na ngozi inayozunguka huwa nyekundu na yenye maumivu. Chaki hii haina hayo, isipokuwa bakteria wakishaingia kwenye kidonda.

Ningependa kusema kwamba vinundu hivi havimsumbui mtu, lakini nisingekuwa mkweli. Mtu anajificha anapobadilisha nguo, anazima taa chumbani, anaahirisha kuoa. Daktari anayemwambia mgonjwa "hii haina shida, nenda nyumbani" anasema kweli kuhusu mwili na amekosea kuhusu maisha ya mtu huyo.

Chokaa inatoka wapi?

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na hata wataalamu hawajamaliza kubishana.

Karibu asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili, yaani madini yanayounda chokaa hii, iko kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki huzunguka kwenye damu na kufanya kazi ndani ya seli. Mwili unakilinda kiwango hicho cha damu kwa wivu: tezi nne ndogo zilizo shingoni, zinazoitwa parathairoidi, hukipandisha kinaposhuka, figo hutoa kinachozidi, na vitamini D hurekebisha kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula. Kwa hiyo mtu akinywa maziwa lita mbili kwa siku, au akila dagaa asubuhi na jioni, chokaa haiendi kujipanga kwenye ngozi ya korodani.

Kalsiamu inaweza kujaa kwenye ngozi kwa njia kadhaa. Njia moja ni pale kiwango cha kalsiamu au fosfeti kwenye damu kinapopanda, kama kwa wagonjwa wa figo zilizofeli au wenye tezi za parathairoidi zinazofanya kazi kupita kiasi. Hapo chokaa huweza kujikusanya sehemu mbalimbali za mwili. Njia nyingine ni ya tiba yenyewe: dripu ya kalsiamu ikivuja nje ya mshipa, pale ilipovujia panaweza kubaki pagumu. Njia ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Damu iko sawa kabisa, lakini kuna mahali kwenye ngozi palipoharibika au palipo na kitu kilichokufa, na kalsiamu hujishikiza hapo kidogo kidogo. Halafu kuna kundi la nne, ambalo kwa kweli ni namna ya kistaarabu ya daktari kusema sababu haikuonekana.

Kalsinosisi ya skrotumu ilielezwa katika maandiko ya kitabibu mwaka 1883 na Lewinski. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 1970, Shapiro na wenzake waliipa jina linaloiweka kwenye lile kundi la nne, yaani isiyo na sababu inayojulikana. Waliangalia vinundu vya wagonjwa wao kwenye darubini, wakaona madongo ya kalsiamu yamelala kwenye ngozi bila kitu kingine cha kuyaeleza.

Baadaye wengine wakaanza kutilia shaka. Walichukua vinundu vingi kutoka kwa mgonjwa mmoja, vikubwa na vidogo, wakavikata na kuvitazama kimoja kimoja. Kwenye vidogo walikuta vijifuko vyenye utando wa ngozi, vimejaa keratini, ile protini ngumu ya kucha na nywele. Vijifuko vya namna hiyo huota popote penye vinyweleo, na ni vya kawaida sana. Kwenye vinundu vya ukubwa wa kati walikuta kijifuko kilekile, ila keratini imeanza kugeuka chokaa na utando umemomonyoka upande mmoja. Kwenye vikubwa walikuta chokaa tupu, utando hauonekani tena. Ukiviweka kwa mpangilio huo, hadithi inajieleza: kijifuko kinaota, kinajaa, kinavimba, kuta zake zinaharibika, chokaa inaingia na kumeza kila ushahidi wa kilichokuwepo.

Mimi binafsi naona maelezo haya yana nguvu kuliko mengine. Lakini yapo mengine. Kuna wanaoamini chokaa huanzia kwenye ule msuli wa datosi unapochakaa, na wapo wanaonyooshea kidole mirija ya tezi za jasho. Na zipo maabara zilizokata vinundu kwa uangalifu zisipate alama yoyote ya kijifuko, hata kwenye vile vidogo. Huenda ni magonjwa mawili au matatu yanayoishia kwenye sura moja. Kwa mgonjwa, tofauti hizo hazibadilishi matibabu, kwa hiyo hana haja ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Kuhusu maji ya kisima: maji yenye chumvi au magumu hayasababishi vinundu hivi, yakinywewa wala yakiogewa. Najua hofu hiyo inapotokea. Watu wa Arusha na maeneo yanayouzunguka mlima Meru wameona kwa macho yao jinsi floraidi iliyo kwenye maji inavyobadilisha rangi ya meno ya watoto, kwa hiyo si ujinga kudhani maji yanaweza kufanya na hili. Ila floraidi inakwenda kwenye meno na mifupa, haina habari na ngozi ya mfuko wa korodani.

Na wala si zinaa. Hakuna kirusi wala bakteria anayehusika, kwa hiyo hakuna wa kumwambukiza mwenzake. Mke akiona vinundu hivi kwa mumewe hana sababu ya kuhesabu safari zake. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndoa zinaingia kwenye matatizo kwa dhana hii tu.

Visivyo chokaa vinavyofanana nayo

Kabla mtu hajajipa jina hili mwenyewe, ajue kwamba sehemu hiyo ina wapangaji wengi. Vidoto vya njano vya milimita moja hadi tatu, vilivyolala sawasawa na ngozi, mara nyingi ni tezi za mafuta tu zinazoonekana kwa nje; ni maumbile, havihitaji dawa. Vidoto vyekundu au vya zambarau vinavyotoka damu vikikwaruzwa ni vimishipa vidogo vya damu vilivyotanuka, na huongezeka na umri. Masundosundo, ambayo wengine huyaita sunzua, hukaa juu ya ngozi na kuwa na uso wenye mikwaruzo, na hayo ndiyo ya zinaa kweli. Vipo pia vipele vya kirusi vyenye kishimo katikati, ambavyo vikiwa vingi kwa mtu mzima daktari hupendekeza kupima VVU.

Kisha kuna upele, huu wa kawaida wa utitiri. Huu ndio ningeufikiria mapema kuliko chokaa kwa mtu yeyote wa kwetu mwenye vinundu vinavyowasha, hasa usiku, na hasa kama watoto nyumbani nao wanajikuna vidoleni. Vinundu vya upele kwenye mfuko wa korodani vinaweza kubaki wiki kadhaa hata baada ya utitiri kufa, jambo linalomfanya mtu aamini dawa haikufanya kazi.

Upande wa ndani ya mfuko, ukanda wetu wa pwani una lake. Busha ni maji yanayojaa kuzunguka korodani, na kwenye maeneo ya pwani ya Tanzania na Kenya mara nyingi linatokana na minyoo inayoenezwa na mbu, ileile inayoleta matende. Ni kwa sababu hiyo Tanzania imekuwa ikigawa kingatiba ya albendazoli na ivermektini kwa jamii nzima. Busha ni kubwa, ni moja, ni la maji, na ngozi iliyo juu yake huwa laini. Ngiri nayo hujaa mtu anapokohoa au kubeba mzigo na kurudi anapolala. Vyote viwili havifanani na chembe ngumu zilizotapakaa kwenye ngozi, lakini nimevitaja kwa sababu mtu akisema "nina uvimbe kwenye korodani" anayemsikiliza huenda moja kwa moja kwenye busha, akamwambia hiyo ni ya wazee wa pwani, asubiri.

Sasa nirudi kwenye ile habari nyingine. Kansa ya korodani mara nyingi huwapata vijana na wanaume wasiofika uzee, kati ya miaka 15 na 40, yaani umri uleule wa vinundu vya chokaa. Nayo kwa kawaida huanza bila maumivu. Ndiyo maana kusema "haiumi, kwa hiyo haina shida" ni hatari. Kansa hiyo huwa ni ugumu ndani ya korodani yenyewe, au korodani moja kuwa kubwa na nzito kuliko ilivyokuwa, na haifuati ngozi ikivutwa. Ikiwahiwa inatibika vizuri sana, hata ikiwa imesambaa wengi bado hupona. Mtu anayehisi ugumu wa namna hiyo aende hospitali wiki hiyohiyo, na asimruhusu mtu yeyote kuichoma sindano au kuikata kupitia ngozi ya mfuko. Upasuaji wake hupitia kinenani, kwa sababu maalumu ya kutoisambaza kansa kwenye njia nyingine.

Daktari anafanya nini

Uchunguzi mzuri hauna makuu. Chumba kisiwe cha baridi, mgonjwa asimame, kisha alale. Daktari akiwa na glavu anaivuta ngozi, anashika kinundu kimoja, anakisogeza, anahakikisha kiko huru na korodani. Kisha anashika kila korodani peke yake na kuizungushia vidole. Chumba kikiwa na giza anaweza kuweka tochi nyuma ya mfuko: palipo na maji ya busha mwanga hupita na kung'aa rangi ya waridi, palipo na chokaa haupiti. Anapaswa kuangalia pia sehemu nyingine za mwili, viwiko, vidole, magoti, kwa sababu chokaa ikionekana na huko, hadithi inabadilika na magonjwa ya kinga ya mwili au ya figo yanaingia kwenye orodha.

Kama kuna shaka kuhusu kilichomo ndani ya mfuko, altrasaundi inamaliza ubishi. Haina maumivu wala mionzi. Chokaa hurudisha mawimbi ya sauti, hivyo kinundu huonekana cheupe kikiacha kivuli cheusi nyuma yake, na korodani huonekana zimekaa salama upande wa ndani.

Damu hupimwa kalsiamu, fosfeti na kazi ya figo. Katika ugonjwa huu majibu hutoka ya kawaida, na huo ukawaida ndio jibu lenyewe. Kupima homoni ya parathairoidi na vitamini D kuna maana pale vipimo vya kwanza vinapoleta shaka, au mgonjwa anapokuwa na dalili nyingine kama mawe ya figo ya mara kwa mara. Kijana mwenye afya, mwenye vinundu kwenye mfuko tu, hana sababu ya kutoka maabara na risiti ndefu. Ila kupima kaswende na VVU ni jambo jema kwa yeyote ambaye hajapima muda mrefu, mradi asielezwe kwamba vinundu ndivyo vilivyomleta huko.

Uthibitisho wa mwisho unatoka kwenye kinundu kilichotolewa. Maabara hukikata vipande vyembamba na kuvipaka rangi. Kwa rangi ya kawaida chokaa huonekana ya buluu iliyokolea. Kwa rangi iitwayo von Kossa hugeuka nyeusi. Pembeni mara nyingi huonekana seli kubwa za kinga zilizojikusanya kujaribu kula kile zinachokiona ni kitu kigeni.

Kutoa au kuacha

Hakuna kidonge, mafuta, wala sindano iliyothibitishwa kuyeyusha vinundu hivi. Anayeuza dawa ya kuviyeyusha anauza maneno. Kwa hiyo njia ni mbili: kuviacha au kuvikata.

Kuviacha ni uamuzi halali. Mtu ambaye vinundu vyake ni vichache, havimsumbui, na daktari ameshahakikisha ni nini, anaweza kuishi navyo. Kuvikata kunafaa vinapokuwa vikubwa, vinapopasuka, vinapoambukizwa, vinapowasha, au pale mtu anapochoka kuviona. Sababu hiyo ya mwisho inatosha yenyewe. Haihitaji kutetewa.

Vikiwa vichache, kazi hufanywa kwa sindano ya ganzi na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari anaivuta ngozi iwe kama imetandazwa, anakata mkato mdogo juu ya kinundu, anakitoa, au anakata kipande chembamba cha ngozi pamoja na vinundu vilivyobebana. Vidogo kabisa hutolewa kwa kifaa cha duara kinachotoboa ngozi. Kwingineko hutumia leza. Vikiwa vimeujaza mfuko, ganzi ya mgongoni inafaa zaidi, na daktari hukata eneo lote lililoathirika kwa mkupuo mmoja au kwa awamu.

Wagonjwa huogopa sana hapa: ngozi ikikatwa yote hiyo, korodani zitakaa wapi? Bahati nzuri ngozi ya mfuko inavutika kuliko karibu ngozi nyingine yoyote mwilini, na ina damu ya kutosha, hivyo hupona vizuri na kovu hujificha kwenye mikunjo. Hata sehemu kubwa ikiondolewa, kilichobaki mara nyingi kinatosha kufunika na baada ya miezi hulegea. Ni pale tu ngozi yote ilipojaa vinundu ndipo daktari hulazimika kuazima ngozi ya paja.

Nyuzi zinazotumika huyeyuka zenyewe. Mgonjwa huvaa chupi inayoshikilia, hukaa mbali na bodaboda, mazoezi mazito na tendo la ndoa kwa muda atakaopangiwa, na huweka kidonda kikavu. Uvimbe kidogo na michubuko ya siku za mwanzo ni kawaida. Mfuko ukivimba haraka saa chache baada ya upasuaji, ukawa mgumu na wenye maumivu, kuna damu inavujia ndani. Ngozi ya hapa imelegea na haiwezi kuizuia damu kwa kuibana, kwa hiyo arudi hospitali usiku huohuo.

Kitu kimoja mgonjwa asikubali: kilichokatwa kutupwa kwenye ndoo. Aombe kipelekwe maabara, na akumbuke kuyafuata majibu. Hospitali zetu zina mafaili mengi ya majibu ambayo hakuna aliyerudi kuyachukua.

Na asijitibu kwa wembe. Kinundu kinaonekana kiko juujuu, kinamshawishi mtu kukikamua au kukitoboa kwa sindano ya kushonea. Chaki itatoka kidogo, kilichobaki kitaendelea kukua, na tundu lililoachwa ni mlango wa bakteria na wa pepopunda. Kwa mwenye kisukari au kinga iliyoshuka, maambukizi ya ngozi ya eneo hili yanaweza, kwa nadra, kusambaa kwa kasi na kuua nyama ya mfuko na ya msamba. Huo ni ugonjwa wa kuua, na unahitaji upasuaji wa dharura. Dawa za kupaka zenye kuunguza nazo zina mwisho uleule, tofauti ni kwamba kidonda chake huwa kipana.

Pa kuanzia ni daktari wa ngozi, daktari wa upasuaji, au wa mfumo wa mkojo. Kwa aliye Tanzania asiyekuwa na daktari wa ngozi karibu, hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo njia ya kumfikia. Hospitali ya KCMC ya Moshi ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliosomea pale wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Ukiingia kliniki sema moja kwa moja: "Nina vinundu vigumu kwenye ngozi ya korodani, vina miaka kadhaa, naomba uvione." Ukianza kwa kuzunguka, ukasema kiuno kinauma, utatoka na dawa ya kiuno.

Wengi wakishatolewa vinundu huwa wamemaliza. Kwa baadhi vingine huonekana baada ya mwaka au zaidi, kwa kuwa siku ya upasuaji vilikuwa bado vidogo mno kuonekana kwa macho. Hilo halimaanishi daktari alikosea, wala kwamba ugonjwa umegeuka kansa. Hutolewa kwa njia ileile ya kwanza, na kwa kawaida ganzi ya sindano inatosha.